Kinyama Ndani ya Basi

Kuna maneno ambayo hapa Ipogolo utayasikia hata kwa mtu ambaye hajawahi kulala hospitali: "Kansa ikiguswa na kisu inakasirika." Watu huyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mdai wake wakati mdai mwenyewe yuko mlangoni. Maana yake ni kwamba uvimbe ukiuacha utulie unaweza kukaa nao miaka, lakini daktari akiukata, hata kipande kidogo tu cha kupimia, basi unatawanyika mwilini na mgonjwa hamalizi mwaka. Nimeyasikia kwa mama lishe wanaowapikia madereva wa malori, nimeyasikia msibani, na nayasikia mpaka leo kwenye benchi la wagonjwa nje ya maabara ninakofanya kazi.

Sitaki kuwacheka wanaosema hivyo. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba wanasimulia walichokiona. Mtu ameumwa muda mrefu, amekwenda hospitali hali imeshakuwa mbaya, amekatwa kinyama cha kupima, majibu yamechukua wiki nyingi, na kabla hayajafika mgonjwa amefariki. Aliyeona kisu, kisha akaona jeneza, ataviunganisha viwili hivyo. Kinachoua hapo ni saratani iliyopewa muda, lakini muda hauonekani kwa macho. Kisu kinaonekana.

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya kisu hicho, na juu ya habari njema zinazosema kwamba huenda siku moja tone la damu na mwanga vitafanya kazi ambayo leo inafanywa na kisu. Habari hizo ni za kweli. Lakini habari njema nayo ina namna yake ya kumchelewesha mtu, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akiuza vitunguu na nyanya kando ya barabara kuu, si mbali na Mto Ruaha Mdogo. Kwa asiyepajua Ipogolo nieleze kidogo. Barabara hiyo ndiyo inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na hatimaye Zambia. Sisi tuko bondeni, mji wa Iringa uko juu kilimani, na njia ya kupanda mjini inachepuka hapa hapa kwetu. Kwa hiyo basi linalotoka mjini Iringa kwenda Dar es Salaam hushuka kwanza kilima na kupita mbele ya macho yetu. Shangazi aliyajua mabasi kwa milio ya honi. Alikuwa akinyanyuka na sinia kabla wewe hujaona hata vumbi.

Ilianza na ugali. Alisema unamkwama hapa, akaweka vidole viwili katikati ya kifua. Majirani wakamtania kwamba anatafuna haraka haraka ili awahi abiria. Akaanza kuushushia kwa maji. Baada ya muda ugali ukawa haupiti hata kwa maji, akahamia kwenye wali. Wali nao ukagoma, akahamia kwenye uji. Kanga aliyokuwa akijifunga mara moja ikaanza kumzunguka mara mbili. Katika zahanati moja aliyoizoea alipewa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi minne, kila akirudi anapewa zile zile. Hakuna aliyemwambia kwamba chakula kukwama kooni ni dalili isiyofaa kungojwa.

Hatimaye alipandishwa mjini, akashushiwa mpira wenye taa na kamera kooni. Daktari akaona uvimbe, akachukua kinyama. Kikatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia, kikafungwa vizuri, na kwa kuwa kilitakiwa kusomwa Dar es Salaam, kikapelekwa stendi kama kifurushi kingine chochote. Baba ndiye aliyelipia nauli yake.

Siku ile shangazi alikuwa amekaa kwenye meza yake ya vitunguu, maana alikataa kulala ndani. Basi likashuka kilima, likapiga honi, likakata kona kuelekea Ilula. Shangazi akalipungia mkono. Akasema, "Haya jamani, mie ndiyo naenda Dar hivyo. Miaka yote nimeuza vitunguu kwa watu wanaokwenda, leo kinyama changu kimenitangulia." Watu wakacheka, naye akacheka.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500. Unashuka mlima Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni, unakatiza mbuga ya Mikumi, Morogoro, Chalinze, mpaka unafika. Kwa basi ni safari ya siku moja. Lakini majibu ya kinyama kile yalitufikia wiki ya saba. Shangazi tulikuwa tumemzika wiki ya tano. Karatasi ilisema saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula inayotoka kooni kwenda tumboni. Msibani hakuna aliyehitaji karatasi. "Si mliona? Walimgusa na kisu." Hivyo ndivyo maneno yale yanavyopata nguvu mpya kila mwaka.

Saratani ya umio si jambo la familia yetu peke yetu. Kuna ukanda mrefu wa Afrika Mashariki na Kusini, unaopita Ethiopia, Kenya, Tanzania na Malawi na kushuka hadi Afrika ya Kusini, ambamo ugonjwa huu unaonekana zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Sababu zinazotajwa ni nyingi: tumbaku, pombe, lishe duni, moshi wa jikoni, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kunywa vitu vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi kuna uwezekano wa kuleta saratani ya umio. Tatizo la umio ni ukimya wake. Umio hutanuka, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua ndani yake bila kumsumbua mwenyewe. Siku ugali unapokwama, mara nyingi uvimbe umeshachukua nafasi kubwa. Ndiyo maana wengi wanaofika hospitali hufika wakati kinachowezekana ni kuwawekea mpira wa kupitishia chakula na kuwapunguzia maumivu.

Sasa nije kwenye mwanga. Baada ya shule nilisomea kazi za maabara. Kila siku nachoma vidole vya watu, napaka damu kwenye kioo, naangalia vijidudu vya malaria kwa hadubini. Hadubini yangu ni mwanga tu na vioo: mwanga unapita kwenye damu, vioo vinakuza, jicho linahukumu. Lakini jicho na mwanga wa kawaida vina kikomo. Kitu kikiwa kidogo kuliko kama nanomita 200, hadubini ya namna yangu haiwezi kukuonyesha umbo lake hata ukiisafisha vipi. Na ndani ya damu ile ile ninayoipaka kila siku kuna vitu vidogo kuliko hapo, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo sijawahi kuviona na sitaviona kwa hadubini hiyo.

Navyo ni vifuko. Kila seli ya mwili, iwe nzima au iwe ya saratani, hutoa nje vifuko vidogo vilivyozungushiwa utando wa mafuta. Vile vidogo zaidi, vinavyoitwa eksosomu, vina upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi. Ukivipanga mstari mmoja utahitaji mamia kadhaa kufikia unene wa unywele mmoja. Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti, moja la Montreal, Kanada, na jingine la St. Louis, Marekani, yalieleza jinsi chembe changa za damu zinavyovitoa. Kwa muda mrefu vilichukuliwa kuwa ni takataka za seli. Baadaye ikaonekana kwamba ndani yake kuna protini, mafuta na vipande vya maandishi ya vinasaba, na kwamba seli nyingine huvipokea na kubadilika kwa sababu yake. Seli ya saratani nayo hutoa vifuko vyake, vyenye mzigo wa kwake. Vinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Nikisema kwa lugha ya kwetu, uvimbe uliojificha umioni unatuma vifurushi kila siku, na vingine vinapita kwenye kidole ninachokichoma.

Swali ni namna ya kujua kifurushi kipi kimetoka wapi bila kukifungua. Hapo ndipo anapoingia Mhindi mmoja, C. V. Raman. Mwaka 1921 alisafiri kwa meli kupitia bahari ya Mediterania, akashangazwa na ubuluu wa maji, akaanza kuchunguza jinsi mwanga unavyotawanyika ukigonga kitu. Mwaka 1928 huko Calcutta, yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walionyesha kwamba mwanga wa rangi moja ukigonga kimiminika, karibu wote unarudi na rangi ile ile, lakini sehemu ndogo sana inarudi imebadilika. Katika chembe za mwanga kama milioni kumi, pengine moja tu ndiyo hubadilika. Kiasi cha kubadilika kinategemea jinsi atomu za kitu kile zilivyofungamana na zinavyotikisika. Kwa hiyo kila kitu kina mistari yake ya mwanga, kama alama za vidole. Raman alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930, na majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa mwanga wa jua.

Moja kati ya milioni kumi ni mnong'ono. Mwaka 1974 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliona kwamba kitu kikikaa juu ya fedha yenye uso wa kukwaruza, mnong'ono ule unakuwa sauti kubwa. Siku hizi wanatumia vijipande vya dhahabu au fedha, wanaweka vifuko vya damu juu yake, wanapiga leza, na mistari inayorudi inasomwa na kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi ya wagonjwa na ya wazima. Mwaka 2023 watafiti wa Korea Kusini walitoa matokeo ya kazi ya namna hiyo kwa saratani sita: mapafu, matiti, utumbo mpana, ini, kongosho na tumbo. Katika sampuli 520 walizopima, kifaa kiliwatambua takriban 90 katika kila wagonjwa 100, na kiliwaacha salama takriban 94 katika kila wazima 100. Nilipolisoma jambo hilo nilisimama kwenye chumba cha maabara peke yangu kama mtu aliyeitwa jina. Kisha nikaisoma tena ile orodha ya saratani sita. Umio haumo.

Hata hivyo sikuweza kukaa nalo. Jumapili moja nikamweleza baba. Baba ni dereva mstaafu wa malori ya njia ya Tunduma, mtu wa maneno machache, na chai yake huinywa ikiwa bado inatokota. Kwa wiki kadhaa mama alikuwa akiniambia kwamba mzee anakohoa akila, na kwamba ameanza kushushia ugali kwa maji. Mimi na mama hatukulitaja jina la ugonjwa. Tulitazamana tu.

Nikamsimulia yote: vifuko, mwanga, Mhindi melini, Wakorea. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo hawakati?"

"Hawakati, baba. Damu kidogo tu."

"Enhe. Hicho ndicho kipimo changu. Kile cha mpira na kisu simo, nilishamsindikiza dada yangu stendi. Mimi nitangoja huo mwanga."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo vitabu vya maabara havikunifundisha. Mtu anayeogopa kisu akisikia kwamba kuna kipimo kisicho na kisu, atafurahi, na furaha yake itampa sababu ya kukaa nyumbani. Mwanga ambao bado haujatoka Korea unaweza kumzuia mzee wa Ipogolo kupanda kilima leo.

Nikamwambia, "Baba, usingoje. Haupo Iringa, haupo Mbeya, haupo hata Dar. Na ukija, nao una mambo yake."

"Mambo gani tena?"

Nikachukua kijiti, nikamwandikia hesabu chini, maana baba ni mtu wa hesabu za mafuta na kilomita. Tuseme tunawapima watu wazima elfu moja wa Ipogolo, na tuseme kati yao wenye saratani ni watatu. Kipimo kinachowatambua wagonjwa 90 katika 100 kitawapata wawili au wote watatu. Vizuri. Lakini wamebaki wazima 997. Kama kipimo hicho kinakosea kwa wazima sita katika kila mia, basi watu kama sitini ambao hawana kitu wataambiwa huenda wana saratani. Jumla yao ni sitini na kitu. Utawajuaje wale watatu wa kweli? Lazima wote washushiwe mpira, na atakayeonekana ana kitu achukuliwe kinyama. Baba akaitazama ile hesabu. "Kumbe kisu kiko pale pale," akasema.

"Kiko pale pale, baba. Mwanga unamwambia daktari amtafute nani. Wa kuthibitisha ni kinyama."

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia siku ile. Kuvitenga vifuko kutoka kwenye damu kwa njia iliyozoeleka kunahitaji mashine ya kuzungusha kwa kasi inayozidi nguvu ya mvutano wa dunia mara laki moja, na kuvihifadhi kunahitaji jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, kazi imeharibika. Kama mashine hizo zitakaa Dar es Salaam peke yake, basi damu nayo itapanda basi, ishuke kilima, ipige honi Ipogolo na kwenda zake, na majibu yatarudi wakati wake. Tutakuwa tumebadilisha kichupa, safari ni ile ile. Matumaini yapo kwa upande mwingine: vipo tayari vifaa vya Raman vya kushika mkononi, vinavyotumika kutambua dawa bandia na dawa za kulevya. Kifaa cha namna hiyo kikifikia kuweza kusoma vifuko, kinaweza kukaa kwenye meza kama yangu. Hicho ndicho cha kuombea na cha kudai.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Katika miaka hii ya 2020 watafiti wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa hospitali ya Lacor huko Gulu, Uganda, na wa Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakipima damu ya watoto wenye limfoma ya Burkitt. Ni saratani iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Hawasomi vifuko wala hawatumii mwanga wa Raman. Wanasoma vipande vya vinasaba vya uvimbe na vya kirusi cha Epstein-Barr vinavyoelea kwenye damu, kwa sababu mtoto mwenye ugonjwa huo hawezi kungoja wiki nyingi za majibu ya kinyama. Wazo ni ndugu wa wazo lile la vifuko, na limeanzia kwenye shida yetu wenyewe, yaani muda.

Na mwanga wa bei nafuu upo tayari, tena umekuwepo kwa miaka. Kwenye kliniki nyingi za nchi hii mama hupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, taa na macho. Muuguzi anapaka siki nyepesi, anangoja kama dakika moja, anamulika. Mahali penye mabadiliko ya hatari panageuka peupe. Pakionekana padogo, mara nyingi panaweza kutibiwa siku ile ile, mama akarudi nyumbani kupika. Wasichana nao wanapewa chanjo ya ugonjwa huo, ambayo ilianza nchi nzima mwaka 2018. Uzuri wa siki ni kwamba swali, jibu na tiba vinakaa chumba kimoja. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha vipimo. Kifaa chochote kipya kikiletwa, kiwe cha dhahabu na leza, nitauliza: anayepimwa asubuhi atajua lini, na akijua atatibiwa wapi?

Jibu la swali la pili kwa mtu wa Ipogolo bado ni refu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 ndani ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni Dar es Salaam, ndiyo iliyobeba mzigo wa tiba ya mionzi kwa nchi nzima kwa miaka mingi. Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi nao wanatibu saratani. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini safari yetu bado ni ya barabara kuu. Mgonjwa akiambiwa "nenda Dar", maana yake ni nauli, ni mahali pa kulala, ni ndugu wa kumsindikiza, ni shamba lililoachwa wakati wa palizi. Kumjulisha mtu mapema bila kumfungulia njia ya tiba ni kumwongezea usiku wa kutolala.

Nirudi kwa baba. Alikaa siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne aliniuliza, kana kwamba anauliza bei ya tairi, "Hicho kinyama chenyewe wanachokata, ni kikubwa kiasi gani?" Nilikuwa sijafikiria kwamba hilo ndilo swali. Nikaingia jikoni kwa mama, nikachukua punje moja ya mchele, nikamwekea kiganjani. "Hiki, baba. Pengine kidogo zaidi ya hiki. Na si hicho kinachoitawanya saratani." Akaigeuza ile punje kwa kidole muda mrefu. Nadhani miaka yote alikuwa akiwaza mnofu wa buchani.

Alikwenda. Mimi na mama tulimsindikiza, tukapanda kilima kwa daladala. Mpira haukumfurahisha, na maneno aliyoyasema baadaye siwezi kuyaandika hapa. Walichukua punje nne. Majibu yalitoka baada ya siku kumi na mbili: si saratani, ni mchubuko wa asidi inayopanda kutoka tumboni. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi, na akaambiwa aache chai ipoe. Mwaka ule wa 2014 shangazi naye alipewa dawa za tumbo, lakini hakuna aliyetazama kwanza. Tofauti ya baba na dada yake ni hiyo, na ni tofauti ya taa moja.

Siandiki haya ili kumwambia mtu kwamba kila anayekwenda atarudi na majibu kama ya baba. Wengine watarudi na majibu mengine. Ila anayerudi nayo mapema ana jambo la kufanya, na anayerudi nayo wakati hawezi kumeza maji ana jambo dogo sana. Wala siandiki kuwavunja moyo wenye kufanya utafiti wa mwanga. Mimi ni mtu wa maabara. Siku kifaa hicho kitakapowekwa juu ya meza yangu nitakifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi. Nitachoma vidole kama kawaida, na nitafurahi kwamba vile vifurushi vinavyotumwa na uvimbe vimepata wa kuvisoma kabla mwenye mwili hajakwama na tonge.

Lakini leo ni leo. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeshushia ugali kwa maji, au aliyehama kwenye ugali akaenda kwenye wali na sasa yuko kwenye uji, usimsimulie kwanza habari za Korea. Chukua punje ya mchele, mwekee kiganjani, mwambie ukubwa wa kinyama ni huo. Kisha mshike mkono. Mwanga ukija tutaupokea. Kwa sasa mpira upo, siki ipo, na kilima cha kwenda mjini si kirefu.